Ubao wa Dirisha la Takaungu

Siku ya kwanza baada ya kurudi kutoka pwani, Wanjuhi Mbuthia alifunga chupa ya chai, akatoka kumwaga maji nyuma ya nyumba. Aliporudi, kifuniko kilikuwa mezani na mvuke ulikuwa ukipanda polepole. Akakifunga tena. Akaenda kuanika nguo. Alipoingia jikoni mara ya pili, kifuniko kilikuwa palepale mezani.

"Wangeci, umemimina chai?"

"Mimi? Mimi nimelala hapa tangu asubuhi," mdogo wake akajibu kutoka chumbani. "Si daktari alisema nisiamke-amke?"

Wangeci alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilitoka, moja ikiwa na miezi minne, nyingine sita, na baada ya hiyo ya pili alikaa mwaka mzima bila kumtembelea mtu yeyote aliyekuwa na mtoto. Mumewe, Mochama, alifanya kazi katika shamba la maua Naivasha na kurudi mara moja kwa mwezi. Ndiyo maana Wangeci alikuja kukaa Kiptere kwa dada yake, alale, atunzwe, mtoto huyu apate kufika.

Wanjuhi alikuwa mwalimu wa uchoraji katika shule moja ya sekondari karibu na hapo. Babu yao alitoka Murang'a zamani akafungua duka la nguo, akanunua ekari mbili za chai, na ukoo haukurudi tena. Nyumba ya Wanjuhi ya mabati mekundu ilizungukwa na chai pande tatu, na siku za ukungu ungedhani inaelea juu ya majani. Mumewe alikuwa amefariki. Mtoto hakujaliwa. Kila Jumamosi aliwafundisha watu wazima kuchora katika ukumbi wa kanisa, na Agosti hiyo, shule zilipofungwa, aliwachukua watatu kati yao akawapeleka Takaungu, mji mkongwe wa pwani karibu na Kilifi, kwa siku nne za kuchora.

Wa kwanza alikuwa Mzee Nyang'au, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Wa pili Kiptanui, mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa, mwenye mikono mikubwa ambayo hungedhani inaweza kushika penseli. Wa tatu Shirley, muuguzi wa wodi ya akina mama huko Kericho mjini.

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Wanjuhi aliwaketisha kwenye vibao vya kukunja, kofia kichwani, mbele ya milango ya kuchongwa na makaburi ya kale, akipita nyuma yao mmoja mmoja. "Anza na kivuli," alikuwa akiwaambia. "Ukishapata kivuli, ukuta utajitokeza wenyewe." Nyang'au alichora nguzo ya kaburi mpaka akasahau chakula cha mchana.

Siku ya tatu walifika kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, orofa yake ya juu imeanguka nusu. Mama mmoja mzee, Bi Zuhura, alitoka nyumba ya pili akawakaribisha vizuri. Yeye ndiye aliyeitunza.

"Choreni nje mpaka mchoke," aliwaambia. "Ndani msiingie. Mna mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mama?" Kiptanui akauliza.

"Mwenyewe. Amelala. Hapendi mwanga. Bibi yangu alimkuta, mamangu akamtunza, nami namtunza. Kila Ijumaa namwekea ubani na marashi mlangoni, basi. Hana ubaya na mtu asiyemgusa."

Walichora nje. Lakini Wanjuhi alikuwa amechungulia kwenye ufa wa mlango. Aliona, kwenye giza, ukuta mzima wa zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, vimechongwa maua madogo madogo kila ukingo. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho kwa macho yake. Hakulala vizuri akikifikiria.

Kesho yake Bi Zuhura alikwenda kliniki Kilifi. Wanjuhi akaazima nyundo kwa fundi wa viatu.

"Madam, yule mama alisema nje," Shirley akanong'ona.

"Ni ubao tu, Shirley. Tunafungua dirisha tupate mwanga, tukimaliza tunarudisha."

"Mimi siingii."

Shirley akabaki barazani. Wengine watatu wakaingia. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa ubao mnene wa misumari ya zamani, na Wanjuhi alipoing'oa, ililia mmoja baada ya mwingine. Ubao ukaanguka, ukapasuka. Mwanga ukamwagika chumbani. Palepale hewa baridi ikawapita usoni kuelekea nje, yenye harufu ya ubani mkuukuu na chumvi, na Kiptanui akacheka kidogo akisema nyumba ilikuwa imebana pumzi. Wakakaa saa mbili. Kila mmoja alichora picha bora kuliko zote alizowahi kuchora.

Jioni Bi Zuhura alirudi akaona tundu la dirisha. Wanjuhi, aliyekuwa kiongozi wa wale watu, mwalimu, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, akasema:

"Pole, mama. Upepo uliuangusha."

Bi Zuhura aliitazama mikono ya Wanjuhi. Ilikuwa na kutu ya misumari.

"Haya," akasema. "Upepo." Akaingia kwake akafunga mlango.

Hayo Wanjuhi hakumwambia mdogo wake. Alirudi Kiptere na picha yake kwenye kitabu cha michoro, akiwa na nia ya kuipeleka kwenye maonyesho ya Nairobi. Chupa ya chai ilipomfungukia mara ya tatu alidhani skrubu zake zimelika. Akanunua mpya.

Siku ya pili ilikuwa lango la ng'ombe. Jirani yake, bibi mzee aliyeitwa Kogo Cherotich, alimletea ng'ombe wawili akiwatoa barabarani.

"Wewe hufungi boma?"

"Nimefunga, Kogo. Nimefunga na mnyororo."

Mama huyo alisimama kwenye kizingiti, akanusa. "Hapa kwako kunanuka nini? Kama samaki. Kama chumvi." Akakataa kuingia, ingawa tangu Wanjuhi azaliwe hakuwahi kupita hapo bila kunywa chai.

Siku ya tatu Wanjuhi alitia kufuli kila mahali. Saa nane mchana mvua ikaja, kama inavyokuja kila siku upande huo, ikitokea juu ya misitu na kupiga mabati kwa kishindo. Alikaa na Wangeci chumbani wakimenya viazi. Katikati ya kelele ya mvua akasikia mlio mwembamba, kwi, kwi, kwi, kama mtu anayefungua skrubu bila haraka. Akainuka akaenda sebuleni. Kufuli la mlango wa mbele lilikuwa likining'inia mahali pake, funguo zake alikuwa nazo mkononi, na mbele ya macho yake ule mkono wa chuma ukainuka polepole, ukatoka tunduni, ukazunguka, kufuli likashuka likawekwa sakafuni bila kishindo, jinsi mtu anavyoweka kikombe karibu na mgonjwa aliyelala. Mlango ukafunguka. Nje hapakuwa na mtu, ila mvua na chai. Lakini maji yaliyorushwa usoni mwake, alipoyalamba midomoni, yalikuwa ya chumvi.

"Ni nani?" Wangeci akaita.

"Ni upepo," Wanjuhi akajibu, na aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake, akakumbuka uso wa Bi Zuhura.

Alhamisi Kiptanui alikuja, mkono wake wa kushoto umefungwa bandeji. Alijikata na panga akikata majani ya ng'ombe, akashonwa nyuzi saba hospitalini. Alikaa kiti cha karibu na mlango, akaongea kwa sauti ya chini ili Wangeci asisikie.

"Madam, nimeshonwa mara tatu. Kila mara nikirudi nyumbani nyuzi zinatoka. Si kukatika. Zinafunguliwa. Leo nimezipata kwa sahani, zimepangwa moja moja."

Akafungua bandeji. Kidonda kilikuwa wazi kama mdomo, chekundu, bila tone la damu.

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo. Hiyo ndiyo inaniogopesha." Akamwangalia. "Ni ile dirisha, Madam. Wewe unajua ni ile dirisha."

Wanjuhi alimfunga bandeji upya, na kabla Kiptanui hajafika barabarani alimwona akisimama, akiinama, akiiokota chini.

Jumapili ilikuwa zamu ya Nyang'au. Wakati wa shuhuda kanisani, mzee yule ambaye kwa miaka yote hakuwahi kusimama mbele ya watu alisimama, akaanza kusema, na hakuweza kunyamaza. Alisema kuhusu mtihani aliouvujisha akiwa mwalimu mkuu, alisema kuhusu mtoto wake aliye Sotik ambaye hakumlipia hata kalamu, akataja jina la mama wa mtoto, akataja jina la nyumba walimokuwa wakikutana, na mkewe ameketi safu ya pili na kitabu cha nyimbo mapajani, na mzee mwenyewe machozi yanamtiririka, kwa mikono yote miwili ameishika taya yake akijaribu kuifunga kwa nguvu, na taya haifungi, na maneno yanatoka tu, moja likisukuma lingine, mpaka wazee wa kanisa wakamchukua wakamtoa nje, na huko nje pia walimsikia akiendelea.

Shirley, aliyekaa barazani Takaungu, peke yake hakupatwa na kitu.

Jumatatu Pasta Muriuki alikuja kuombea nyumba. Aliomba kwa muda mrefu na kwa moyo, na wakati akiomba kila kitu kilitulia. Alipomaliza alifunga Biblia akaiweka mezani. Ikafunguka. Akaifunga. Ikafunguka tena, taratibu, jalada kwanza, kisha kurasa. Pasta akaitazama, kisha akamtazama Wanjuhi.

"Dada," akasema kwa upole, "mlifanya nini huko mlikoenda?"

"Hakuna kitu, Pasta."

"Kama kuna mtu mlimkosea, mimi siwezi kumwombea msamaha kwa niaba yako. Utaenda mwenyewe."

Lakini Wanjuhi hakwenda. Alijiambia hawezi kumwacha Wangeci. Alijiambia atampigia simu Bi Zuhura, na hakuwa na namba yake. Ukweli ni kwamba aliona haya. Alipouwazia uso wa yule mama akitazama kutu mikononi mwake, aliona heri milango ifunguke.

Jumanne, saa nane, mvua ikaja. Milango yote ilikuwa wazi, maana Wanjuhi alikuwa ameacha kuifunga. Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Nyang'au.

"Mwalimu, habari ya—"

"Wanjuhi binti Mbuthia. Umechoka kufunga?"

Sauti ilikuwa ya Nyang'au, kifua chake, mkwaruzo wake. Lakini Kiswahili hakikuwa chake. Kilikuwa laini, cha pwani, cha kale, kisicho na haraka.

"Mwalimu? Ni wewe?"

"Mwalimu wako ameniazima mdomo. Hana namna, hawezi kuufunga." Nyuma ya sauti ile Wanjuhi alimsikia mzee mwenyewe akilia kwa pua. "Miaka mia na zaidi nimelala katika giza langu, sikumgusa mtu. Kina Zuhura, mama na binti na mjukuu, walipita mlangoni pangu kwa kunyata. Weye ukaja na nyundo. Ukaniamsha kwa nyundo, ukanimulika mwilini, ukaketi ukanichorea chumba changu kama mtu achoraye chungu chake mwenyewe. Kisha ukamwambia Zuhura ni upepo."

"Nisamehe. Nakuomba, nisamehe."

"Wapenda sana kufungua. Basi sikiza. Ndani mwa nduguyo mna chumba chenye giza. Mna mtu amelala. Nataka tuone naye ataamkaje kwa nyundo."

Simu ikakatika, na kabla hajaishusha sikioni Wangeci alipiga ukelele kutoka chumbani, ukelele mmoja mrefu uliopanda juu ya mvua, na Wanjuhi alipofika mlangoni alimkuta ameketi kitandani, amekumbatia tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usisukumwe, na vitu vyote vya chumba hicho vilikuwa vikifunguka kwa pamoja, kabati, droo, sanduku la nguo za mtoto, vifungo vya mito, mfuko wa pamba, chupa ya mafuta, kila kimoja bila kelele na bila haraka, na harufu ya ubani ikawa nzito hata hewa ikakosa nafasi.

"Inafunguka," Wangeci alinong'ona. "Wanjuhi, naisikia inafunguka. Ni mapema. Aki si saa hii. Usikubali."

Kiptanui alikuja na pikapu yake, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka hospitalini Kericho. Shirley alikuwa zamuni. Alimpima Wangeci, akampa dawa ya kuzuia uchungu, kisha akatoka kwenye ushoroba alikosimama Wanjuhi.

"Njia imefunguka sentimita mbili," akasema. "Dawa inafaa kushika. Haishiki."

Hapo Wanjuhi alimwambia yote: kufuli, nyuzi, simu. Alitegemea kuambiwa, si nilikukataza. Shirley hakusema hivyo.

"Nenda," akamwambia. "Mimi sitoki hapa. Zamu yangu ikiisha nitabaki. Nenda umfungie, Madam, na usipumzike njiani."

Wanjuhi alipitia nyumbani kuchukua kitabu chake cha michoro, akachukua cha Kiptanui, kisha akapita kwa Nyang'au. Mke wa mzee alikirusha kitabu kupitia dirishani bila salamu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mumewe, imekauka, bado ikitaja majina.

Alipanda basi la Nairobi, kisha la Mombasa, kisha matatu ya Kilifi. Simu aliishika mkononi njia nzima. Alipopita Nakuru, Shirley aliandika: mbili na nusu. Nairobi: tatu. Voi: nne, na mapigo ya mtoto yamepanda. Mwanamke aliyeketi kando yake alimuuliza kama amefiwa, akatikisa kichwa, akaendelea kutazama simu. Alishuka njia panda ya Takaungu siku iliyofuata, karibu saa sita mchana, jua liko katikati, na ujumbe wa mwisho ulisema: tano.

Bi Zuhura alikuwa ameketi barazani kwake anachambua mchele. Hakuinuka.

"Nimekuja, mama."

"Nakuona."

"Haukuwa upepo. Ni mimi. Niling'oa ubao kwa nyundo, nikaingiza watu, nikakudanganya. Mdogo wangu yuko hospitalini. Anataka mtoto wake."

Mama yule aliusukuma ungo wa mchele kando.

"Mara tatu nimemwita seremala," Bi Zuhura akasema. "Mara tatu apigilia, asubuhi ubao u chini. Yuwamtaka aliyefungua. Yangu mimi si kitu, mimi ni mlinzi tu. Lakini mamangu alinikabidhi nyumba hii akiwa kitandani anakufa, nawe mwanangu ukanifanya mjinga mbele ya watu wako."

"Ni kweli."

"Picha unazo?"

"Zote."

Bi Zuhura akaingia ndani, akatoka na ubao mpya, misumari na nyundo.

"Utaingia peke yako. Picha utazirudisha mle mle zilimotoka. Sema ulilofanya, usiongeze, usipunguze. Kisha funga. Na ukisikia kitu, usigeuke."

Chumbani jua lilikuwa limeanguka sakafuni kwa umbo la dirisha, kali, na hapakuwa na hata chembe ya vumbi iliyokuwa ikicheza ndani yake. Wanjuhi alizitoa picha vitabuni, akaziweka kwenye zidaka, nyuso zikiangalia ukuta. Yake aliiweka mwisho. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote za maisha yake, na hata wakati huo, na mdogo wake akiwa pale alipokuwa, mkono wake ulichelewa kuiachia. Akaona haya kwa hilo pia. Akaiachia.

"Ni mimi," akasema kwa sauti. "Nilikatazwa nikaingia. Nilikuamsha. Nikasema ni upepo."

Akainua ubao akauegemeza dirishani kwa bega, akaanza kupigilia. Kila msumari ulipozama, mwanga ulipungua, na kila mwanga ulipopungua, kitu nyuma yake kilisogea hatua, hatua bila kiatu, nzito, ya mtu mchovu aliyekaa juani siku nyingi mno, kikapumua shingoni mwake pumzi baridi yenye chumvi, na yeye akapigilia, akajipiga kidole, akapigilia, damu ikafanya mpini uteleze, akaushika kwa mikono miwili akapigilia, hakugeuka, mpaka msumari wa mwisho ukaingia, mstari wa mwisho wa jua ukazimika, na chumba kikawa giza tupu. Akasikia kitu kikiketi chini kando yake, kikishusha pumzi ndefu. Kisha vidole vikavu vikamshika uso. Vikatafuta macho yake, vikamfumba kope, taratibu, kama afumbwavyo maiti.

"Yote nimeyafunga," ile sauti laini ikasema sikioni mwake. "Ila mahali pamoja nitapaacha wazi, nipate kukuona."

Hakujua alitokaje. Bi Zuhura alimkuta amepiga magoti barazani, simu inalia ndani ya mfuko.

"Imefunga!" Shirley alikuwa akilia na kucheka. "Nimepima mara mbili nikaita daktari naye akapima. Uchungu umeacha, njia imefunga kabisa. Mimi tangu nianze hii kazi sijaona. Wangeci anaomba uji."

Kiptanui alishonwa mara ya nne na nyuzi zikakaa. Nyang'au alinyamaza adhuhuri hiyo hiyo, na tangu hapo haongei na mtu. Mkewe alikuwa ameshafunga mizigo akahamia kwa binti yao huko Chebunyo. Wanjuhi alirudi Kiptere. Milango yake ilifungika, kufuli zilishika, Kogo Cherotich akaanza kuja tena kunywa chai. Wangeci hakuambiwa kitu. Aliambiwa tu kwamba dada yake alikuwa na dharura ya kazi. Lakini kila siku Wanjuhi alizunguka nyumba akijaribu vifuniko, madirisha, mabomba, akitafuta pale mahali pamoja palipoachwa wazi, na hakupaona.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Oktoba, miezi ikiwa imetimia, msichana wa kilo tatu na robo. Mochama alimpa jina la mamake, Nyabate. Alinyonya vizuri, akaongezeka vizuri, akalia kama watoto wote. Kitu kimoja tu kilimsumbua Wangeci, na daktari alisema ni kawaida kwa baadhi ya watoto na ataacha akikua. Nyabate alilala macho wazi.

Wanjuhi alikuwa akimwona mtoto akiwa macho tu. Akiwa macho alitazama taa, pazia, kidole chake mwenyewe. Wangeci hakupenda mtu akae chumbani mtoto akilala, na Wanjuhi hakuuliza sababu.

Siku moja Desemba, mvua ya mchana ikipiga mabati, Wangeci alimwita. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono ameikunja kifuani.

"Ingia pole pole," alinong'ona. "Amelala."

Nyabate alikuwa chali, ngumi mbili juu ya kichwa, kifua kinapanda na kushuka kwa usingizi mzito. Macho yalikuwa wazi kabisa, meusi, hayapepesi. Wanjuhi alipoingia yalikuwa yakitazama mlango. Yakamtazama yeye.

"Pita huku, kwa dirisha," Wangeci akasema.

Wanjuhi akapita. Macho yakamfuata, polepole, kutoka upande huu wa kitanda hadi ule, na mtoto akiendelea kukoroma kidogo.

"Baba yake nimemjaribu. Shirley nimemjaribu. Mimi mwenyewe hanifuati." Sauti ya Wangeci ilikuwa imekauka. Alimwinamia mtoto, akamkinga kwa mwili wake, na macho yale yakapenya chini ya kwapa lake yakamtafuta Wanjuhi, yakampata. "Ni wewe peke yako. Sasa niambie, na usinidanganye. Ulienda kufanya nini Takaungu?"

Wanjuhi alifungua mdomo. Kitandani, bila kuamka, mtoto akatabasamu.